Marahaba Iliyochelewa

Simu ya kwanza ya mtambo mpya tulimpa mzee wa swichibodi aipige. Hakuna aliyepanga hivyo. Sote tuliokuwa chumbani siku ile tulijikuta tumempisha. Ilikuwa Mei 2007, masika yakielekea ukingoni, na nje ya ofisi ya shamba pale Mnyuzi tope lilikuwa bado linanata miguuni. Mzee alivuta kiti, akafuta mkono wa simu kwa leso kama alivyozoea, akabonyeza tarakimu tatu nilizomwandikia kwenye karatasi. Mimi nilishika simu ya pembeni nisikilize.

Kule Tanga ofisi kuu, mama mhasibu alipokea. Hawa wawili walikuwa wamezungumza kwa waya karibu miaka ishirini. Kuonana walionana kwa nadra, labda kwenye msiba au siku ya wafanyakazi, lakini kila asubuhi yeye alimwamkia mzee, mzee akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo kazi ikaanza.

"Haloo, Tanga?" mzee akasema. Kimya. Akarudia, "Haloo, mnanisikia?" Wakati huo huo ikaingia "...moo mzee", kichwa cha neno kimekatwa. Mzee akauliza, "Nani mwenzangu?" Yule mama, ambaye alikuwa akingoja marahaba, akadhani hakusikika, akaamkia tena, na shikamoo yake ya pili ikagongana na swali la mzee. Wakanyamaza wote. Wakaanza tena wote. Baada ya dakika moja mzee akaniwekea simu mkononi taratibu, akasema, "Mwanangu, yule mama leo ana haraka. Ananikatiza."

Mchana nilipopiga Tanga kwa simu yangu ya mkononi kuuliza wameonaje mtambo, niliambiwa mama mhasibu amekaa mezani kwake hana raha. Aliwaambia wenzake: "Nimemwamkia mara tatu hajaitika. Nimemkosea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila hitilafu niliyoisoma: kebo iliyolegea, seva iliyogoma, namba zilizokosewa. Hili la marahaba sikuona kitabu chochote kikilitaja, na ndilo lililonifundisha kazi yangu.

*

Asiyeijua Mnyuzi aifikirie hivi. Ni kata ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara Mashariki, kwenye reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911. Mwaka 1963 ilifunguliwa pia njia ya kuunganisha reli hii na reli ya kati, ikitokea Ruvu, na inakutana na ya Tanga pande hizo hizo za kwetu. Ukivuka mto Pangani kwenda kusini unaingia Uziguani, Handeni. Katikati ya hayo yote ni mkonge. Mistari iliyonyooka ya majani ya kijani chenye kijivu, mpaka jicho lichoke.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikisalimika safari ndefu ya kutoka Amerika, ikapandwa karibu na Pangani. Katikati ya miaka ya sitini nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nilipoajiriwa mimi, mashamba yalikuwa yanajikongoja kurudi baada ya kuporomoka hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya tisini, na wenye mali walikuwa wakihesabu kila shilingi.

Simu kwenye shamba la mkonge ni kiungo cha mwili. Jani likishakatwa halingoji. Linapaswa kufika korona, yaani kiwanda cha kuchakatia, likiwa bado bichi. Korona ikivunjika kisu saa mbili asubuhi na habari isifike kwa mnyapara aliye kilomita saba huko ndani, wakataji wataendelea kukata hadi mchana, na mzigo wote utalala juani. Maji yakipungua korona, mtu wa pampu lazima ajue sasa hivi. Trekta likikwama, gereji ijue. Nimeona siku nzima ya kazi ya watu ikigeuka takataka kwa sababu ya ujumbe wa maneno manne uliochelewa njiani juu ya baiskeli.

Zamani kulikuwa na simu za kuzungusha mkono. Ubao wa swichibodi ulikaa ofisini, wa mbao nzito, wenye vifuniko vidogo vya chuma vilivyoanguka kimoja kimoja kuonyesha nani anaita. Mzee alichomeka kamba hapa, akachomoa pale. Alijua mtu kwa namna anavyozungusha: wa korona alizungusha kwa pupa, wa zahanati kwa vituo. Waya za shaba zilipita juu ya nguzo hadi kila kitengo. Halafu wezi wakagundua bei ya shaba. Tulifunga, wakakata, tukafunga, wakakata, na nguzo zenyewe mchwa wakazimaliza. Kufikia 2006 waya uliobaki mzima ulikuwa mmoja tu, wa kutoka ofisini kwenda korona, kwa kuwa ulipita mbele ya lindo.

Ilikuwapo simu ya upepo, lakini iliruhusu mtu mmoja kusema kwa zamu na kila mwenye chombo alisikia siri za kila mtu. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mifukoni, ila huko ndani ya mashamba mawimbi yalikamatika kwa kubahatisha. Watu walijua jiwe gani la kupanda na mwembe gani wa kusimama chini yake. Na vocha, nani alipe? Mnyapara hakuwa tayari kutumia pesa ya unga kumwambia bosi kuwa kisu kimevunjika.

*

Mimi nilikuwa fundi simu wa kawaida, niliyejifunza kuunga waya Tanga mjini na baadaye nikajisomea mambo ya kompyuta usiku. Habari za kupitisha sauti kwenye intaneti nilizisikia kwanza zikisemwa kwa kunong'ona, kwa sababu wakati huo lilikuwa jambo la kukimbizana na polisi. Kampuni ya simu, TTCL, ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya simu za mezani Tanzania Bara, na haki hiyo ilikwisha Februari 2005. Mwaka huo huo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikaanza utaratibu mpya wa leseni usiojali tena sauti inapitia waya gani. Kwetu mafundi mlango ulifunguka. Kilichokuwa cha kujificha kikawa cha kuandikia barua ya maombi.

Mtambo wenyewe haukuwa wa kununua. Mwaka 1999 kijana wa Alabama, Marekani, Mark Spencer, alihitaji swichibodi ya kampuni yake changa akashindwa bei, akaandika programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida iwe swichibodi. Akaiita Asterisk, jina la ile alama ya nyota kwenye vitufe vya simu, na akaitoa bure kwa kila mtu. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia kama nimeandikiwa barua. Nilikuwa na kompyuta moja iliyotupwa na ofisi ya hesabu, feni yake ikilia kama nyuki. Niliisafisha, nikaifunga kwenye kabati la chuma karibu na meza ya mzee, na ndiyo ikawa seva ya shamba kwa miaka minne.

Dishi la setilaiti lilikuwa limeshawekwa kwa ajili ya barua pepe na hesabu. Meneja aliposikia kwamba sauti nayo inaweza kupita humo hadi Tanga, akauliza swali moja: "Bila kulipia kila dakika?" Nikasema ndiyo. Na ilikuwa kweli. Ila sikumwambia habari ya masafa, kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijaipa uzito.

Setilaiti ya namna ile inaning'inia karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ya mzee ipande huko, ishuke. Ndiyo robo sekunde imekwisha. Jibu la mama lipande, lishuke, robo nyingine. Ongeza muda wa kompyuta kukatakata sauti vipande vipande, hamsini kwa kila sekunde, na upande wa pili kuvipanga upya. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isizidi milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Sisi tulikuwa mara mbili yake. Kutoka Mnyuzi hadi Tanga, safari ya gari ya saa moja na kitu, sauti ilikuwa inazunguka mbali kuliko kwenda Ulaya na kurudi.

Mzungumzaji wa lugha nyingine huenda angevumilia. Lakini salamu zetu ni za kupokezana, neno juu ya neno. Shikamoo inaitikiwa papo hapo; marahaba ikichelewa nusu sekunde, masikio ya aliyeamkia yameshasikia dharau. Wasambaa na Wabondei wa huku salamu zao ni ndefu kuliko hizo za Kiswahili, mtu anajibu huku mwenzake ameshaanza kuuliza la pili. Katika njia ile, kila jibu lilitua juu ya swali lililofuata. Watu wenye adabu waligeuka wakatizaji. Niliwaona wakiweka simu chini wamenuna, kila mmoja akiamini kosa ni la tabia ya mwenzake.

Jumapili ile nilipanda pikipiki hadi Tanga nikaenda nyumbani kwa mama mhasibu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kwa kuchora ardhini kwa kijiti: hapa wewe, hapa mzee, hapa juu ile setilaiti. Alitazama sana mchoro ule. Kisha akasema, "Kumbe aliitikia." Nikamwambia aliitikia kila mara. Nilipanga nao wote wawili desturi mpya: useme, unyamaze, uhesabu moja mpaka mbili kimoyomoyo. Waliijaribu. Ilifanya kazi, lakini mazungumzo yao yakawa mafupi, ya kikazi tupu, na sikufurahi kuyasikia.

*

Palipofana kweli ni ndani ya shamba lenyewe, na hili ningependa kila anayefunga mtambo wa namna hii alielewe mapema. Simu ya korona kwenda ofisini haikuwa na haja ya kupanda angani. Seva ilikuwa pale pale Mnyuzi, kwa hiyo sauti ilitoka korona ikafika ofisini bila kuvuka mpaka wa shamba. Wala haikutaka intaneti. Dishi likiziba kwa mvua, sisi wa ndani tuliendelea kuongea.

Niliweka antena juu ya tangi la maji, nyingine kwenye paa la korona, nyingine kwenye vitengo viwili vya mbali. Mkonge ni rafiki wa antena, kimo chake ni kifupi na mashamba yako wazi. Kilichonitesa ni mwembe mmoja uliosimama kati ya tangi na kitengo cha pili. Kiangazi sauti ilipita safi. Mvua ziliponyesha na majani yakajaa maji, ikakatika. Hakuna aliyekubali mwembe ule ukatwe, hata mimi mwenyewe nisingekubali. Nikahamisha antena juu ya mlingoti wa bomba, mita nne zaidi.

Namba za ndani nilizigawa kwa tarakimu tatu, ila 112 niliiacha wazi, kwa kuwa ni namba ya dharura ya nchi na sikutaka siku moja mtu aliyechanganyikiwa aangukie stoo. Zahanati nikaipa 111, rahisi kwa kidole kinachotetemeka. Korona ilipewa simu iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko cha mpira, maana vumbi la singa, yaani nyuzi za mkonge, huingia hata mahali pasipo na tundu, na kengele yake tukaiunganisha na taa nyekundu. Mashine za kupigia brashi zikiwaka, sikio halina kazi.

Upande wa Tanga ulibaki na mapungufu yake. Njia yetu ya kupandia kwenda setilaiti ilikuwa kilobiti 64 kwa sekunde. Sauti isiyofinywa haitoshi humo hata moja. Inataka zaidi ya 80 ukijumlisha na bahasha zake. Nikaifinya kwa namna ile ile ya simu za mkononi, kilobiti 13, pamoja na bahasha ikafika kama 29, tukapata simu mbili kwa wakati mmoja. Mbili tu, na hapo hakuna mwingine anayetuma kitu. Dada wa mauzo alipotuma picha ya marobota kwa mteja, mazungumzo ya meneja yaligeuka makohozi.

Meneja alikasirika, akataka tukate barua pepe mchana. Nikamwomba dakika tano. Nikamwambia: bosi, sauti ni jani bichi, barua pepe ni singa kavu. Jani bichi likichelewa limeharibika, hata ukilifikisha kesho halina faida. Singa kavu iko robota, ikingoja langoni nusu saa haipungui chochote. Nipe ruhusa niweke mlinzi kwenye ruta, kila jani bichi lipite kwanza. Alinielewa kabla sijamaliza. Kazi ya kuandika foleni ile ilichukua jioni moja, na toka siku hiyo picha zilichelewa kidogo na sauti zikapita.

Kuna usiku mmoja nilikesha nikiwa na mwenzangu wa Tanga, yeye ananisikia, mimi simsikii. Namba inaita, anapokea, kisha upande wangu ni kimya cha kaburi. Mpaka saa nane usiku ndipo nilipong'amua. Mwito wa simu na sauti yenyewe husafiri mbalimbali, na seva yangu ilikuwa ikituma barua yenye anwani ya kujibia ya ndani ya nyumba yetu, kama mtu anayeandika "nijibu chumba cha pili kushoto" bila kutaja mji. Sauti yake ilitoka ikitafuta chumba hicho huko Tanga, ikapotea. Nilirekebisha mistari miwili. Alipoongea nikamsikia, nilikaa sakafuni.

*

Sasa nifike kwa lile lililoniuma zaidi, na kosa lilikuwa letu sisi wafungaji, mimi nikiwa wa kwanza.

Shamba lilihitaji namba moja ya watu wa nje. Tulinunua kisanduku kinachobeba laini ya simu ya mkononi na kuiunganisha na seva. Ofisi kuu ikataka mpigaji apokewe na sauti iliyorekodiwa: karibu, kwa uongozi bonyeza moja, kwa mauzo bonyeza mbili, kwa stoo bonyeza tatu. Tulirekodi sauti nzuri ya kike. Nilijivunia. Nilidhani ndiyo alama ya kampuni iliyoendelea.

Kwa wiki tatu mzee hakusema neno. Kisha asubuhi moja akaniita nje, chini ya ukuta, akaniambia kuna mama amekuja kwa miguu kutoka kijiji cha upande wa pili wa reli. Mwanawe alikuwa mkataji wetu, na nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Alibip namba ya shamba, kama kila mtu alivyobip zama zile: unapiga, ikilia mara moja unakata, mwenzako aone namba akupigie. Zamani mzee aliona namba, akarudisha. Sasa seva yetu ilipokea mara tu kengele ilipolia. Kabla hajakata, sauti nzuri ya kike ilikuwa imeshaanza kumkaribisha, na salio lake la mwisho likaliwa na karibu. Alifanya hivyo siku mbili mfululizo kwa vocha mbili. Siku ya tatu akatembea.

"Mwanangu," mzee alisema, "watu wanaotupigia hawataki uongozi. Wanataka mtu wao."

Nilikwenda kumwamkia yule mama na kumwomba radhi. Nilikuta ameketi kwenye benchi la zahanati, viatu mkononi. Aliniambia si kitu. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya kompyuta ile na nikafungua daftari la simu zilizoingia. Zilikuwepo nyingi za namna yake, sekunde tatu, sekunde nne, sekunde sita, zote zimekatwa kabla ya "bonyeza moja" kufika. Kila mstari ulikuwa salio la mtu. Wakataji wetu wengi walikuwa wametoka mbali, kama manamba wa zamani waliokuja kutoka Kigoma na Songea, na ndugu zao huko walikuwa na njia hii moja tu ya kuwafikia.

Niliifuta rekodi siku ile ile bila kuomba ruhusa Tanga; ruhusa niliiomba baadaye na nikapewa. Nikaipanga seva isipokee chochote kutoka nje. Iache kengele ilie mezani kwa mzee, na namba ibaki kwenye kioo. Akitaka kupokea apokee. Ikikatwa, abonyeze kitufe kimoja tu kuirudisha kwa gharama ya shamba. Nilimnunulia mzee simu yenye vitufe vya taa ishirini na nne, kila taa na jina la kitengo alilolibandika mwenyewe kwa mwandiko wake. Ubao wake wa mbao tuliusogeza ukutani, hatukuutupa. Alikuwa amesikia kwamba mtambo mpya unakuja kuchukua kazi yake, na alikuwa ameniachia niufunge bila kinyongo. Miezi ile ndiyo alipata kazi kuliko wakati wowote. Alijua mkataji wa namba fulani analala kambi ipi, nani ni shemeji yake nani, na habari ya msiba alimpelekea mtu kwa mguu, hakumwambia kwa simu mbele ya watu.

*

Vuli ya 2008 radi ilitupiga. Nilikuwa nimelaza kebo ya shaba kati ya ofisi na jengo la stoo, kama mita themanini, bila waya wa ardhi wa maana, kwa kuwa ilikuwa nafuu na nilikuwa na haraka. Mwanga mmoja, na swichi, simu nne na kisanduku cha laini ya nje vikawa mkaa. Siku tisa tulingoja vifaa. Korona haikusimama, kwa sababu mzee alikuwa amekataa kuing'oa ile simu ya kuzungusha ya waya wa mwisho, na ilipohitajika ikazungushwa, kifuniko cha chuma kikaanguka kwenye ubao, kamba ikachomekwa. Baada ya hapo sikupitisha tena shaba kati ya nyumba na nyumba. Ni antena au nyuzi za kioo, na kila jengo lilipata fimbo yake ya ardhi iliyochimbiwa hadi udongo wenye unyevu. Betri za gari mbili na kigeuza umeme vikaichukua seva wakati wa giza.

Betri hizo zililipa gharama yake usiku mmoja wa 2010, umeme umekatika na jenereta la korona likiwa linafanya kazi peke yake kumalizia mzigo. Mashine ya brashi ilimkamata mkono kijana wa zamu. Mwenzake alibonyeza 111. Nesi akapokea, akaninyooshea mimi kidole niliyekuwa pale kwa homa yangu, nimwamshe dereva kwa simu ya pili. Gari lilitoka kwenda hospitali Korogwe kabla jenereta halijazimwa. Kijana alipoteza vidole viwili, mkono ukabaki. Anafanya kazi lindo mpaka leo, na kila tukikutana huninyooshea mkono ule ule kunisalimia.

Mwaka 2009 ulitua mkongo wa SEACOM Dar es Salaam, na uliofuata ukaja wa EASSy. Mkongo wa Taifa nao ukaanza kutambaa mikoani. Kwetu shambani tulingoja hadi 2012 ndipo tukapata njia ya ardhini, mnara kwa mnara hadi kwenye nyuzi za kioo. Dishi lilibaki juu ya paa, ndege wakajenga humo. Nilipima usiku, peke yangu: kwenda na kurudi Tanga, milisekunde kumi na nane. Nilipima tena nikidhani nimekosea.

Sikumwambia mzee. Asubuhi nilimwambia tu kwamba nimebadilisha kitu, ampigie mama mhasibu. Wote walikuwa wamebakiza miezi michache kustaafu. Akabonyeza taa ya Tanga, akashusha pumzi, akajiandaa kuhesabu moja mpaka mbili kama alivyozoea kwa miaka mitano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema, kisha akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Marahaba mama. Haloo? Marahaba."

Mama mhasibu akacheka kule Tanga, na kicheko kikafika kikiwa bado kicheko. Wakaulizana watoto. Wakaulizana mvua za Tanga na mvua za Mnyuzi, mahindi yamefika wapi, nyani wameharibu kiasi gani. Taa ya korona ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nilivuta simu ya pembeni nikaipokea mimi.